Kijiko kidogo kinazima kikipata moto, kikipoa kinawaka: tuanzie wapi kabla ya kushusha pampu?

#1 Mchimba Mtaro
Wakuu, salaam. Nina kijiko kidogo (ekskaveta) cha tani 3, mtumba wa Japani, injini ya dizeli silinda 3, lita 1.6, haina turbo wala kompyuta. Tunachimba mtaro wa bomba la maji huku Iringa. Asubuhi kinawaka kwa kugusa starta tu, kinapiga kazi safi. Ikifika kama saa moja ya kazi, mlio unashuka wenyewe na resi iko palepale, ndoo inakuwa nzito, halafu kinazima. Starta inazungusha vizuri lakini injini haishiki. Kikipoa kama nusu saa kinawaka na kuendelea kama vile hakukuwa na kitu.

Filta ya dizeli mpya, filta ya hewa mpya, geji ya joto inakaa katikati siku nzima. Fundi wa kwanza anasema pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa presha, imekwisha, ishushwe ipelekwe Dar kwenye benchi la kupimia. Wa pili anasema haidroliki inailemea injini. Wote wanataka hela mbele. Mnaozijua hizi mashine, mngeanzia wapi?

#2 Nozeli Nne
Kabla hatujautaja ugonjwa, tupe dalili. Inazima ghafla kama umekata swichi, au inafifia? Moshi wa mwisho una rangi gani? Na ukifunga levo ya usalama, ukaacha resi juu bila kuchimba chochote, inazima pia? Majibu ya hayo matatu yatapunguza nusu ya watuhumiwa bila kugusa spana.

#3 Baba Grisi
Mfuniko wa tangi. Watu wanadharau, lakini mfuniko una tundu la kupumulia, na vumbi la mtaroni likichanganyika na dizeli linaliziba kabisa. Injini inakunywa, hewa haiingii, tangi linabaki linavuta kwa ndani mpaka dizeli inagoma kutoka. Ukizima, hewa inapenya polepole, baada ya muda kinawaka. Kuna dampa ndogo tuliyokuwa nayo Kibaha ilibadilishiwa filta mpaka mwenye duka akatuzoea, kumbe ni mfuniko. Kikianza kuchoka tu, fungua mfuniko usikilize. Ukisikia "fyuuu", umemaliza.

#4 Tingo Mstaafu
Baba Grisi anamtafutia mwenzetu ugonjwa wa bei rahisi. Hiyo ni pampu. Plunja, kile kijiti kinachosukuma dizeli ndani ya pampu, na mji wake kinamochezea vimepishana kwa mikroni chache tu. Vikilika, asubuhi dizeli ikiwa ya baridi bado ni nzito, inaziba ile nafasi. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inavuja pembeni ya plunja, presha ya kufungua nozeli haipatikani. Ndiyo maana starta inazunguka na haiwaki mpaka ipoe. Kipimo ni cha dakika mbili: ikigoma, mwagia pampu maji baridi. Ikiwaka hapohapo, peleka benchi.

#5 Dada Plant
Tingo, shikamoo, lakini kwa hilo la maji sikuungi mkono. Pampu yenye moto ukiimwagia maji ya kisima, mwili wake unasinyaa kabla plunja haijapoa, inaweza kubana na kukwama kabisa. Hapo utakuwa umetengeneza ugonjwa ambao haukuwepo. Tumia tambara lililolowa, lifunge kwenye pampu, subiri kidogo, kisha piga starta. Jibu ni lilelile, hatari ni ndogo.

Nadharia yako inaeleza vizuri kwa nini haiwaki ikiwa ya moto. Lakini pampu iliyolika mara nyingi inaanza kwa kuwaka kwa shida ikiwa na moto, huku ikiwa tayari imeshawaka inaendelea kufanya kazi. Hii ya mwenzetu inazima yenyewe katikati ya kazi.

#6 Mchimba Mtaro
Asanteni. Majibu ya #2: inafifia, inachukua kama dakika nzima, haizimi ghafla. Moshi mweusi hakuna, mwishoni unatoka mweupe kidogo. Na bila kuchimba, resi juu, inazima pia ila inachelewa sana kuliko ikiwa kazini.

Mfuniko nimeagiza opareta aulegeze kesho, siku nzima.

#7 Mtambo Nakuru
Habari kutoka Kenya. Ndugu, umesema Iringa. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Huku Nakuru tuko juu zaidi, mitambo midogo inayotoka Mombasa ikifika hapa opareta wanalia kwamba imechoka. Huenda pampu imewekwa mafuta mengi ya pwani, hewa ya huko haitoshi.

#8 Nozeli Nne
Mtambo Nakuru, hesabu yako ya urefu ni sawa, lakini mlima haungoji saa moja ndipo uanze kubana. Ingekuwa hewa ni chache kwa mafuta hayo, angeona moshi mweusi tangu ndoo ya kwanza asubuhi. Yeye hana mweusi hata kidogo, ana mweupe. Mweupe ni dizeli isiyoungua: imefika kidogo, imefika na hewa, au imefika kwa kuchelewa.

Na lile la kuchelewa kuzima ikiwa haichimbi ndilo la kushika. Mashine ya tani 3 ikiwa kazini inakunywa kama lita 3 mpaka 5 kwa saa, ikikaa bure inakunywa chini ya hapo. Kama njia ya dizeli imebanwa, matumizi madogo yatachelewesha njaa. Inaingiana na mfuniko wa Baba Grisi, inaingiana pia na uchafu ndani ya tangi. Kwa haidroliki sioni inavyoingia.

#9 Bakuli la Mawe
Usiitoe haidroliki haraka hivyo, mkuu. Mafuta ya haidroliki yakichemka, pampu ambayo haipunguzi mzigo wake inabaki kuikaba injini. Nimeona injini nzima ikifunguliwa hedi, kumbe tatizo ni kijiti cha kurekebisha kwenye pampu ya haidroliki. Aipime: ikiwa ya moto, ainue levo zote kwa pamoja aangalie mzunguko unashuka kiasi gani, alinganishe na asubuhi.

#10 Dada Plant
Kipimo kizuri, afanye. Ila injini iliyokabwa na haidroliki inatoa moshi mweusi na inapata nafuu ukiachia levo. Huyu hata akiachia levo inazima.

#11 Said wa Muscat
Salaam kutoka Oman. Mmeiamini geji ya joto mapema mno. Sensa ya joto inapima maji yanayoigusa. Maji yakishuka chini yake inabaki imekaa kwenye mvuke na hewa, sindano haipandi na injini inaungua. Huku kwetu kiangazi kikipamba moto kazi ya kwanza ya asubuhi ni redieta: kwenye hizi mashine ndogo redieta ya maji na kipozeo cha haidroliki vimepangwa bega kwa bega au kimoja mbele ya kingine, na vumbi linakaa katikati usikoliona. Ukipuliza kwa nje unaona pasafi, ndani pamejaa. Puliza kutoka upande wa feni kwenda nje, na tenganisha vipozeo kama vinafunguka.

Tafuta kile kipima joto cha kulenga kwa mwanga, ulenge mpira wa juu wa redieta na wa chini. Themostati za injini nyingi za aina hii zinaanza kufunguka karibu nyuzi 71. Ukikuta juu kuna 105 na geji imekaa katikati, utajua nani anadanganya.

#12 Chupa ya Dizeli
Mnazunguka mbali, ulizeni dizeli inanunuliwa wapi. Sehemu za kazi mashine inaletewa dizeli kwa dumu la bodaboda, limetoka wapi hakuna anayejua. Ikichanganywa na mafuta ya taa, ulainishaji unapungua, na pampu za mgawo, zile zinazogawa dizeli kwa kila silinda, zinalainishwa na dizeli yenyewe, hazina oili yake pembeni. Ndiyo maana serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa 2018, ili watu waache kuchakachua.

#13 Mtambo Nakuru
Chupa, hiyo ya Septemba 2018 ni yetu Kenya: tulitozwa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kuzuia uchanganyaji. Tanzania mlipandisha mapema, 2011.

#14 Baba Grisi
Kweli, na kabla ya hapo, 2010, EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walishaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua yaliyochakachuliwa, kwenye mafuta. Sasa tusigeuze uzi kuwa bunge la bajeti, mwenzetu mashine imelala.

#15 Waya Mwekundu
Mbona hakuna aliyetaja solenoidi ya kuzimia, ile swichi ya sumaku inayofungua na kukata dizeli? Kwenye mashine nyingi hizi dizeli inapita pale tu solenoidi ikiwa na umeme. Koili ikipata moto ukinzani unapanda, nguvu ya kushikilia inapungua, inaachia. Ikipoa inashika tena. Afunge waya moja kwa moja kutoka kwenye betri mpaka kwenye solenoidi, afanye kazi hivyo kutwa nzima.

#16 Nozeli Nne
Waya, solenoidi ikiachia injini inakata mara moja, haichukui dakika nzima kufifia. Halafu mwambie mtu kitu kamili: zipo solenoidi zenye koili mbili, ya kuvuta na ya kushikilia. Ya kuvuta inakunywa umeme mwingi sana na imetengenezwa kwa sekunde moja hivi tu. Akifunga waya wa moja kwa moja kwenye mguu usio wake, koili inaungua kabla ya chai ya saa nne. Apime volti kwenye mguu wa kushikilia wakati mashine inafifia. Kama ziko karibu sawa na za betri, solenoidi ina umeme wake.

#17 Waya Mwekundu
Solenoidi yenye mkono uliochakaa inaweza kurudi nusu nusu, nimeiona kwa macho yangu. Ila hilo la koili ni kweli, azingatie.

#18 Mama Kokoto
Mimi si fundi, ni mmiliki wa viwili, nafuatilia uzi. Ushauri wangu kwa mleta mada: usilipe fundi anayetaja kifaa kabla ya kupima. Mwambie "nionyeshe", basi. Na hii mitumba saa zilizoandikwa kwenye mita si za kutegemea, angalia pini za ndoo na mikanyagio ya miguu. Ikionyesha saa 2,000 na pini zinacheza kama meno ya mtoto, jua mita ilibadilishwa. Hivi mnanunua filta halisi wapi? Za kufanana zimejaa kila mahali.

#19 Tingo Mstaafu
Dada, filta halisi haikosi gundi ya kutosha kwenye mikunjo. Kata moja ya zamani kwa msumeno uangalie ndani, karatasi ya feki haijai hata mzunguko.

Nirudi kwenye mada. Nasubiri kipimo cha tambara lenye maji, hakuna aliyenijibu.

#20 Baba Grisi
Kuna kipimo kinachomaliza ubishi wa tangi na pampu, tunakiita kipimo cha dumu. Chukua dumu safi la lita 5 au 10, jaza dizeli uliyoichuja. Chomoa mpira unaotoka tangini, peleka mpya kutoka dumuni mpaka kwenye filta, na mpira huo uwe wa kuonyesha ndani. Dumu lifunge juu kuliko pampu. Toa upepo, washa, fanya kazi. Ukiona vibofu vinapita kwenye mpira, kuna mahali panavuta hewa. Ikifanya kazi kutwa bila kuzima, ugonjwa uko kati ya tangi na ulipochomoa.

#21 Dada Plant
Ongeza hili: mpira wa marejeo nao uingie dumuni. Hizi pampu zinarudisha dizeli nyingi, ukiacha marejeo yaende tangini dumu la lita 5 linakauka upesi, utadhani mashine imezima kwa ugonjwa kumbe imeishiwa.

Na kwa wanaopenda kulegeza nati za nozeli moja moja kutafuta silinda inayopiga misi: mkono usikae mbele ya ule mchirizi. Dizeli ya presha ile inapenya ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kidogo na mkono unaoza kwa ndani. Ikikupata, nenda hospitali hapohapo, usisubiri uvimbe. Tumia kipande cha boksi.

#22 Mchimba Mtaro
Mrejesho, wakuu.

Mfuniko kulegezwa: ilidumu zaidi kuliko kawaida, lakini ikazima mchana. Sauti ya "fyuuu" haikusikika, ingawa opareta alifungua mfuniko wakati injini bado inaunguruma.

Dumu: tulifunga kama #20 na #21. Ilifanya kazi kuanzia asubuhi mpaka tulipovunja kwa chakula, haikuzima hata mara moja. Vibofu vichache mwanzoni, kisha mpira ukawa safi. Ila nguvu naona bado iko chini kidogo, akipandisha kifusi mlio unashuka.

Niseme na hili: siku hiyo kulikuwa na mawingu na manyunyu, na tulikuwa kwenye udongo laini wa bondeni.

#23 Baba Grisi
Tangi hilo! Shusha, toa bomba la kunyonyea, angalia kile kichujio kidogo cha mwisho. Utakuta utando mweusi unaoteleza. Maji yakikaa chini ya dizeli vijidudu vinaota pale yanapokutana, utando unanyonywa mpaka kwenye kichujio, injini ikizima unadondoka chini. Ndiyo hiyo nusu saa yako.

#24 Tingo Mstaafu
Polepole. Mawingu, manyunyu, udongo laini. Pampu haikupata moto wa kawaida, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kuvuja. Hujapima chochote. Na nguvu bado iko chini, amesema mwenyewe.

#25 Nozeli Nne
Tingo, hapo kuna jambo umelipita. Marejeo yalikuwa yanaingia kwenye dumu la lita 5. Dizeli iliyopita kwenye pampu inarudi na moto, kwenye tangi la lita 40 inapotea, kwenye dumu dogo inazunguka hiyohiyo na kupanda joto upesi. Ingekuwa plunja imelika, siku ya dumu ndiyo ingezima mapema kuliko zote, mawingu au jua.

#26 Tingo Mstaafu
Kama walikuwa wanaongezea dizeli ya baridi kila mara, hoja yako haisimami. Mchimba, mliongezea?

#27 Mchimba Mtaro
Tuliongezea, ndiyo. Dumu likishuka nusu tu kijana anamimina.

#28 Dada Plant
Na hamjaigusa ile pampu ndogo ya umeme inayosukuma dizeli kutoka tangini. Dumu lilikuwa juu, dizeli ilishuka kwa uzito wake yenyewe. Pampu hiyo ikiwa dhaifu ikipata moto, dumu la juu litaificha kabisa na mtashusha tangi bure. Ipimwe ikiwa ya moto, dakika ileile inapofifia: chomoa mpira baada ya pampu ya umeme, elekeza kwenye chupa, washa swichi bila starta. Inatakiwa itoe mkondo usiokatika. Ikitoa matone au ikicheka-cheka, badilisha. Na hakikisha volti zinafika, waya wa bodi (wa hasi) ulioshika kutu unaiua kila siku bila kosa lake.

#29 Bakuli la Mawe
Udongo laini, halafu mnasema haidroliki imeachiwa huru? Siku ya udongo mgumu ndiyo ya kupima. Mimi bado nipo palepale.

#30 Said wa Muscat
Na mimi nasubiri namba za mpira wa juu na wa chini wa redieta. Siku ya manyunyu hata redieta iliyoziba nusu inapumua.

#31 Chuma cha Njombe
Samahani kuingilia. Changu kina injini ya Kubota, kwenye kibao imeandikwa D1105. Asubuhi ya baridi ya Njombe lazima nikanze plagi mara tatu ndipo kiwake, moshi mweupe mwingi, mchana hakina shida. Ni silinda ngapi kwanza, fundi ananiambia nne?

#32 Nozeli Nne
Tatu. Kwa Kubota Z ni silinda mbili, D ni tatu, V ni nne, na namba zinakaribia ujazo: D1105 ni kama lita 1.1. Injini hiyo inachomea kwenye chemba ya pembeni, ikiwa ya baridi bila plagi za kukanzia haiwaki kirahisi. Fungua utepe unaounganisha plagi, pima moja moja kwa mita. Nzima zitasoma ukinzani mdogo, karibu oomu moja. Iliyokufa haisomi kitu. Moja ikifa kwenye tatu, asubuhi ya Njombe itakuchosha.

#33 Chuma cha Njombe
Shukrani mkuu. Naenda kupima.

#34 Mchimba Mtaro
Nimewasoma wote. Nitaanza na visivyo na gharama: bomba la kunyonyea tangini na pampu ya umeme ikiwa ya moto. Kipima joto cha kulenga nimeazima kwa fundi friji. Tambara la Tingo nitalifanya pia, mtaro ukirudi kwenye changarawe.

#35 Tingo Mstaafu
Changarawe na jua, yote mawili. Na usibadilishe vitu viwili kwa siku moja, utapona hujui dawa ni ipi.

#36 Dada Plant
Tangi mkilishusha, kaka, oneni pia kama mpira wa kunyonyea umelainika kwa ndani. Mipira ya zamani inavimba na dizeli, ikipata joto kuta zake zinakutana ikivutwa, kwa nje unaiona nzima. Ubinye kwa vidole ikiwa bado ya moto.